Mji wa kesho kwenye ubao wa plaiwudi: mwongozo kamili kwa timu za shule

Kila muhula napata ujumbe uleule kutoka kwa walimu walezi wa klabu za sayansi zinazoshindana kubuni mji wa kesho na kuujengea modeli, kuanzia Kawempe hadi Busia, hapa Uganda: "Modeli yetu ilipendeza kuliko zote, mbona tumerudi mikono mitupu?" Nimekaa na nyingi ya timu hizo kama mshauri, na mara chache nimekaa upande wa majaji. Jibu halibadiliki. Timu ilianza na gundi. Siku ya kwanza wakakata maboksi, wiki ya pili magorofa yakasimama, na swali la mji huu unafanyaje kazi likabaki hadi usiku wa mwisho.

Mji ni maji yanayoingia na kutoka, takataka zinazokwenda mahali, watu wanaofika kazini na kurudi nyumbani. Jaji anayatafuta hayo. Ndiyo maana katika mwongozo huu gundi haionekani mpaka hatua ya 6.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Watu kwanza. Wanafunzi 3 hadi 6 watakaofika mwisho, mwalimu mlezi mmoja, na mshauri mmoja anayeijua kazi ya uhandisi: fundi wa barabara, mtu wa maji, fundi umeme, au mwanafunzi wa uhandisi wa chuo. Msimtafute mkubwa mwenye cheo ambaye hatapatikana. Fundi wa mtaani anayekuja kila Jumamosi anafaa zaidi ya profesa anayepiga simu mara moja.

Vifaa vya kupimia: futi ya mita 5, rula ya chuma ya sentimita 30, daftari lenye vijisanduku vya hesabu, penseli na kalkuleta.

Vifaa vya kujengea: ubao wa plaiwudi, katoni za bidhaa kutoka madukani, chupa za plastiki na vizibo, kaveera safi (mifuko ya plastiki), sponji ya kuoshea vyombo, nyuzi za mgomba zilizokaushwa, gundi nyeupe ya mbao, na kisu cha kukatia karatasi chenye wembe wa kubadilisha. Katoni nzuri mtazipata soko la Owino, Kampala, jioni wauzaji wanapofunga. Ombeni kwa adabu, wengi watawapa bure.

Vya umeme na mwendo: mota ndogo kutoka kwenye mashine ya DVD iliyokufa, betri, swichi, taa ndogo za LED, rezista (kijipande kinachopunguza mkondo wa umeme), na mabomba mawili ya sindano ya kiasi tofauti pamoja na mpira wa dripu. Mabomba ya sindano yanunuliwe mapya duka la dawa, bila sindano zake. Mtoto asiokote bomba lililotumika, hata kama limeoshwa kwa maji ya moto.

Kitu cha mwisho ni bahasha ya risiti. Mashindano mengi ya aina hii huweka kikomo cha gharama. Yale ya Future City, yanayoendeshwa na DiscoverE nchini Marekani na kuigwa kwingi, yana kikomo cha dola 100, ambazo kwetu ni kama shilingi laki tatu na nusu za Uganda. Hata kitu mlichopewa bure mwandikieni thamani yake, kwa sababu jaji anaweza kuiuliza.

## Hatua ya 1: Someni sheria kwa kalamu, kisha jedwali la alama

Chapeni sheria za mwaka huu. Msitumie za mwaka jana mlizoachiwa na timu iliyotangulia, kwani vipimo na mada hubadilika. Pigeni mstari chini ya kila namba: ukubwa wa modeli, idadi ya maneno ya insha, dakika za kuwasilisha, tarehe.

Kisha chukueni jedwali la alama na mwandike jina la mwanafunzi mmoja kando ya kila kipengele. Kwa kawaida mtakuta insha, mpango wa kazi, modeli, uwasilishaji na maswali ya majaji. Modeli, inayokula muda wote wa timu nyingi, ni sehemu moja tu ya alama. Nimeona timu iliyotumia wiki 9 kwenye modeli na siku 2 kwenye insha. Walikuwa watoto hodari, na niliumia kuona matokeo yao.

Mtajua mmefaulu kama mwanafunzi yeyote, akiamshwa usingizini, anaweza kutaja kikomo cha ukubwa, kikomo cha gharama na jina la anayeshughulikia insha.

## Hatua ya 2: Chagueni swali moja, dogo

Mashindano haya hutoa mada moja kila msimu. Future City waliwahi kutoa mji usio na taka kwa 2021-2022, mji unaoendeshwa kwa umeme kwa 2023-2024, na mji unaoelea juu ya maji kwa 2024-2025. Mada ni pana, na timu hupotea hapo. Wanataka kutatua mafuriko, msongamano, umeme, magonjwa na ajira kwenye ubao mmoja.

Igeuzeni mada iwe swali ambalo mtu wa mtaa wenu angeweza kuliuliza. Mkipewa mada ya taka, msiandike "tutaondoa taka zote." Ulizeni hivi: "Maganda ya matoke ya soko letu yanaweza kuishia wapi yasifike dampo?" Hilo lina mwanzo na mwisho. Wakazi wa Kampala hawahitaji kuelezwa kwa nini linafaa kuulizwa. Tarehe 10 Agosti 2024 dampo la Kiteezi lilimeguka likafunika nyumba, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Mkiligusa jambo hilo katika insha, ligusieni kwa heshima. Kati ya majaji anaweza kuwepo mtu aliyezika ndugu.

Mfano nitakaoendelea nao hapa ni wa maji ya mvua: mtaa ulio bondeni, kati ya vilima, unaofurika kila msimu. Wenye kuijua Bwaise, mtaa wa bondeni hapa Kampala, wanajua ninachosema.

Tahadhari: msichague tatizo la Tokyo au Dubai kwa kuwa picha zake zinavutia. Jaji atauliza undani, na nyinyi hamjawahi kufika huko.

## Hatua ya 3: Tembeleeni mahali penyewe

Hatua hii huachwa kuliko zote, na kwangu ndiyo inayoleta ushindi. Nendeni mkiwa na mtu mzima, siku moja au mbili baada ya mvua kubwa. Msiende mvua ikinyesha, na msikanyage ndani ya mtaro kwa sababu yoyote. Mtaro wa Kampala unaweza kujaa kwa dakika chache kwa mvua iliyonyesha mlima mwingine, huku kwenu jua linawaka.

Salimieni kabla ya kutoa daftari. "Habari ya kazi, mama. Sisi ni wanafunzi, tunajifunza habari za maji. Mara ya mwisho yalifika wapi?" Msipige picha ya nyumba ya mtu bila ruhusa.

Nilikwenda na wasichana watatu kwa mama mmoja mwenye kibanda cha chapati. Hakusema neno. Alisogeza ndoo, akatuonyesha mlango wa chumba chake, mlango wa mbao uliopakwa rangi ya samawati. Mstari wa kahawia ulipita katikati yake, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Juu ya mstari rangi ilikuwa nzima, chini yake ilikuwa imevimba na kubanduka kama ngozi ya kiazi. Binti mmoja akashusha futi hadi sakafuni: sentimita 62. Akaandika. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Na mtoto alilala wapi, mama?" Mama akanyosha kidole juu ya kabati.

Zile sentimita 62 ziliingia kwenye insha, zikaingia kwenye modeli kama mstari mwekundu ukutani, na zikatajwa mbele ya majaji. Hakuna timu nyingine iliyokuwa na namba ya aina hiyo.

Mtajua mmefaulu mkirudi na namba 5 mlizopima wenyewe, na maneno ya watu 3 wanaoishi pale.

## Hatua ya 4: Pigeni hesabu kabla ya kuchora

Wanafunzi huogopa hapa bila sababu. Hesabu zinazotakiwa ni za kuzidisha na kugawanya.

Shikeni kanuni hii moja: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Mengine yote hutoka hapo.

Chukueni paa la darasa lenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 8, yaani mita za mraba 240. Ikinyesha mvua ya milimita 40, paa hupokea lita 9,600. Toeni sehemu inayorukia nje ya mfereji wa bati na kuvukizwa, tuseme sehemu ya tano, mnabaki na lita 7,680. Kwa hiyo darasa moja linajaza zaidi ya robo tatu ya tangi la lita 10,000 kwa mvua moja. Mtoto akishalipata hilo kwa kalamu yake, hatalisahau.

Sasa mji mzima. Tuseme ubao wenu unawakilisha hekta 75, na nitaeleza namba hiyo katika hatua ijayo. Mkiweka watu 200 kwa hekta, mnapata wakazi 15,000. Kila mmoja akitumia lita 50 kwa siku, mji unahitaji lita 750,000 kila siku. Kila mmoja akitupa nusu kilo ya taka, mna tani 7.5 za kubeba kila siku. Andikeni vilevile nani anazibeba, kwa gari gani, na zinaishia wapi.

Mvua ileile ya milimita 40 ikinyesha juu ya hekta 75 ni mita za ujazo 30,000. Nusu yake ikizama ardhini na kuingia kwenye matangi ya paa, nusu nyingine, mita za ujazo 15,000, inahitaji mahali pa kupumzika kabla ya kwenda ziwani. Bwawa la mafunjo lenye kina cha mita moja na nusu litahitaji hekta 1 nzima. Hekta hiyo hamna ruhusa ya kuijengea nyumba. Hapo ndipo timu inaanza kufikiri kama wahandisi, maana kila kizuri kimechukua nafasi ya kizuri kingine.

Tahadhari: msikope namba ya wakazi kutoka hewani. Timu moja iliandika watu milioni 10 kwenye ubao wa ukubwa huo. Jaji aligawanya kwenye kona ya karatasi yake, akapata zaidi ya watu 130,000 kwa hekta moja, na hakuuliza tena swali lingine.

Mtajua mmefaulu mkiwa na ukurasa mmoja wa hesabu ambao mshauri ameukagua, na kila mwanafunzi anaweza kuirudia angalau moja bila kuangalia.

## Hatua ya 5: Wekeni skeli na muitii

Skeli inayonipendeza kwa kazi hii ni 1:1000. Sentimita 1 ya ubao ni mita 10 za mji. Ubao wa sentimita 125 kwa 60 unakuwa mita 1,250 kwa 600, na ndizo zile hekta 75. Kama sheria zenu zinataka ubao mdogo, punguzeni mji, wala msibadili skeli katikati ya kazi.

Kosa kubwa la modeli za shule ni gari la kuchezea. Linauzwa kila mahali, lina rangi nzuri, watoto wanalibandika barabarani. Gari la urefu wa sentimita 7 kwenye skeli hii ni gari la mita 70. Barabara yenu ya sentimita 1 imelala chini yake kama uzi, na jaji ameshaandika alama.

Tumieni vitu vya jikoni:

- Chenga ya mchele ya milimita 5 ni taksi ya abiria 14.
- Punje ya ulezi ni bodaboda na dereva wake.
- Njiti ya kiberiti iliyokatwa milimita 12 ni basi refu.
- Ghorofa 10, kila moja mita 3, ni boksi la urefu wa sentimita 3.

Na ile akiba ya maji ya siku moja kwa watu 15,000? Mita za ujazo 750 ni tangi la mita 15 kwa 10 kwa kina cha mita 5. Kwenye ubao ni sentimita moja na nusu kwa moja kwa nusu: punje moja ya haragwe kubwa. Bandikeni haragwe lililopakwa rangi ya buluu juu ya kilima, na mtoto aeleze kwa nini lipo juu: maji hushuka yenyewe, bila pampu, hata umeme ukikatika. Nilimwona jaji akiinama na kuvaa miwani ili alione. Alitumia dakika mbili kwenye haragwe lile.

Kwa upande mwingine, ile hekta 1 ya bwawa la mafunjo ni mraba wa sentimita 10 kwa 10. Unaonekana kutoka mlangoni. Hivyo skeli inamwambia mtazamaji ukweli kuhusu kipi kinakula nafasi ya mji, na hamhitaji bango la kueleza.

Mtajua mmefaulu kama unaweza kuweka rula popote kwenye modeli na mwanafunzi akakutajia urefu halisi kabla hujahesabu hadi tano.

## Hatua ya 6: Ardhi kwanza, gundi imefika

Kampala ni vilima na mabonde. Modeli iliyo tambarare kama meza inajinyima hoja yake yote, kwa sababu maji hufuata mteremko.

Katoni ya kawaida ina unene wa milimita 4 hivi, yaani mita 4 kwa skeli yetu. Kateni tabaka la chini kubwa, la juu yake dogo kidogo, endeleeni hadi kilima kikamilike. Kilima cha mita 60 kinataka tabaka 15. Gundini kwa gundi nyeupe, wekeni vitabu vizito juu, na muache ikauke usiku kucha. Mkiharakisha, katoni itapinda kama samaki mkavu na majengo yatainama.

Tandikeni kaveera kwenye mitaro na bwawa kabla ya kupaka chochote, kwa kuwa maji ya maonyesho yakigusa katoni tupu mmekwisha. Ndani ya bwawa wekeni sponji iliyokatwa, kisha chomekeni nyuzi za mgomba juu yake zisimame kama mafunjo. Sponji inakunywa maji na kuyaachia polepole. Kinamasi halisi hufanya hivyohivyo, na mtoto anaweza kumkamulia jaji sponji mkononi akaelewa.

Tahadhari mbili. Kisu kinakatia kwenye rula ya chuma, vidole nyuma ya makali, na mtoto hakati peke yake. Na kama mnatumia lile povu jeupe la kufungia televisheni, msilipulizie rangi ya kopo: dawa iliyomo huliyeyusha likawa mashimo. Lipakeni rangi ya maji kwa brashi. Gundi kali ya papo kwa papo nayo hulila vivyo hivyo.

Mtajua mmefaulu mkimwaga kikombe cha maji kileleni na yakafika bwawani bila kupita kwenye nyumba.

## Hatua ya 7: Kitu kinachosogea

Sheria nyingi hudai sehemu moja inayotembea. Watoto wengi hufunga feni inayozunguka juu ya jengo na kuiita nishati ya upepo. Inazunguka, lakini haijibu swali lolote la mji wenu. Kitu kinachosogea kiwe kinafanya kazi ile mliyoiahidi katika hatua ya 2.

Kwa mfano wetu ni lango la mtaro. Chukueni bomba la sindano la mililita 5 na la mililita 10. Yaunganisheni kwa mpira wa dripu, ndani mkiwa mmejaza maji yenye rangi. La mililita 10 libandikeni wima chini ya ubao, kishikio chake kisukume kipande cha plastiki kinachoziba mtaro. Ukibonyeza dogo, kubwa linainuka: kwa mwendo mfupi zaidi, lakini kwa nguvu zaidi, kwa sababu mgandamizo uleule unasukuma eneo kubwa. Mashine za kuchimbia barabara huinua mikono yao kwa njia hiyo.

Adui hapa ni kiputo cha hewa. Hewa ikibonyezwa hubanana, maji hayabanani. Kiputo kimoja kikibaki, mtabonyeza na lango litachelewa, kisha litaruka ghafla. Zamisheni mpira na mabomba yote ndani ya beseni, jazeni mkiwa humohumo majini, na mfunge humohumo.

Kwa taa, ukweli mdogo unaookoa pesa: LED haivumilii betri ya volti 9 moja kwa moja. LED nyekundu hutaka volti 2 hivi. Zinazobaki 7 zigawanye kwa mkondo wa LED, ampia 0.02, unapata omu 350, basi nunueni rezista ya 390 au 470. Mguu mrefu wa LED huenda upande wa chanya. Kila timu iliyonililia kwamba "taa ziliwaka mara moja tu" iliruka rezista.

Mtajua mmefaulu kama lango linafunguka mara 20 mfululizo bila kuguswa na mkono. Hesabuni kwa sauti. Likigoma mara ya 14, siku ya mashindano litagoma mara ya 1.

## Hatua ya 8: Majengo na rangi

Siku mbili zinatosha. Tumieni rangi tatu au nne tu, na kila rangi iwe na maana: nyumba, kazi, huduma, kijani. Acheni msikiti, kanisa, soko na uwanja wa mpira vionekane, kwa sababu mji usio na mahali pa kukutana watu hawataukubali hata kwenye karatasi. Kitambaa cha lubugo (kitambaa cha gome la mti) kilichochakaa kinatoa udongo mzuri sana wa kahawia.

## Hatua ya 9: Insha

Insha ya Future City imekuwa na kikomo cha maneno 1,500. Kwa lugha yoyote hayo ni machache, na kila sentensi ya "mji wetu mzuri wa kupendeza" inaiba nafasi ya hoja.

Hata kama insha inatakiwa kwa Kiingereza, waacheni watoto wabishane kwanza kwa lugha inayotoka vinywani mwao, Kiswahili, Luganda au Lusamia, na waandike rasimu kwa hiyo. Naamini jambo hili kwa moyo wote. Mtoto anayeweza kumweleza bibi yake sokoni jinsi lango linavyofanya kazi, analielewa lango. Tafsiri ni kazi ya wiki ya mwisho.

Mpangilio ninaoshauri: fungueni na mahali na namba mliyoipima, elezeni tatizo, elezeni suluhisho kwa utaratibu wa jinsi linavyofanya kazi, kisha mtaje mlichokipoteza kwa kulichagua. Msiiruke sehemu ya mwisho. Mmechukua hekta 1 ya mafunjo: nani amehamishwa? Amepewa nini? Mhandisi hupimwa kwa jibu hilo.

Mkiombwa mji wa miaka 100 ijayo, jengeni daraja kutoka leo hadi huko. Mwaka 2011 watu wa Chuo Kikuu cha Makerere walionyesha gari la umeme la Kiira EV lenye viti viwili, na leo bodaboda za umeme zinapita Kampala. Teknolojia yenu iwe hatua inayofuata ya kitu kilichopo. Roboti linalomaliza mafuriko kwa kubonyeza kitufe halina wazazi.

## Hatua ya 10: Dakika 7 na maswali

Mkipewa dakika 7, fanyeni mazoezi ya dakika 6. Kila mwanafunzi azungumzie sehemu aliyoijenga kwa mikono yake. Wasikariri. Mtoto aliyekariri akikatizwa anapotea, na majaji hukatiza.

Kisha leteni mtu asiyejua chochote kuhusu mradi, mpishi wa shule au mzazi, aulize chochote kwa nusu saa. Maswali ya majaji ni rahisi kuliko mnavyodhani, na kwa hiyo yanaangusha. Nakumbuka mzee mmoja aliyesimama mbele ya jengo refu la timu moja akamwuliza binti kwa upole: "Mwanangu, huyu wa ghorofa ya 30 akivuta maji chooni, yanakwenda wapi?" Binti alimtazama mwalimu wake. Mwalimu akatazama chini.

Fuatilieni basi tone moja la maji tangu mawinguni hadi ziwani, na mfuko mmoja wa taka tangu jikoni hadi mwisho wake. Mkiweza safari hizo mbili, mmejibu nusu ya maswali yote.

Na wafundisheni kukiri. Mvulana wa kidato cha pili aliulizwa kuhusu matetemeko ya ardhi akajibu: "Mzee, hilo hatukulipima. Tulichopima ni maji, na naweza kukuonyesha hesabu." Jaji alivuta kiti akakaa.

## Hatua ya 11: Safari

Modeli nyingi hufa barabarani. Timu moja ilitoka Busia alfajiri, kilomita 200 hivi hadi Kampala, na ubao wao ukagoma kupita mlango wa taksi. Wakauweka juu ya keria. Walipofika, kilima kilikuwa kimebanduka na watoto wawili walikuwa wanalia.

Kateni ubao vipande viwili tangu hatua ya 6, na mviunganishe kwa skrubu na nati za kukaza kwa mkono. Pimeni mlango wa gari litakalowabeba kabla hamjakata. Mwageni maji yote, toeni betri, funikeni kila kipande kwa boksi lililogeuzwa, na kipande kisafiri ndani, miguuni pa watu, wala si juu.

Bebeni sanduku la matengenezo: gundi, uzi, wembe, betri mpya, LED mbili za akiba, bomba la sindano la akiba, chupa ya maji, kitambaa cha kufutia, na kifuko kidogo cha ulezi, maana bodaboda ndizo hupotea kwanza. Mkifika, jaribuni lango mara 3 kabla ya kufanya kitu kingine chochote, kisha mwiteni mwanafunzi aliyelijenga asimame upande wake.